Taamuli na Uradi wa Kila Siku: Maswali Tunayoulizwa Barazani

Kila Jumamosi jioni hukaa watu wanne, siku nyingine hadi kumi na mmoja, kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Kajjansi, kando ya barabara ya Entebbe. Tunanyamaza dakika ishirini, ndiyo taamuli, kisha kila mtu anakariri maneno yake kwa dakika kumi, ndio uradi, halafu tunakunywa chai. Kiongozi hakuna. Mimi ndiye mwenye mikeka na birika, basi maswali huniangukia mimi. Yafuatayo ndiyo yanayorudi kila wiki, na nimeyajibu kwa jinsi nilivyoonja mwenyewe tangu 2016.

Nianze na dakika ngapi?

Tano. Najua ulitarajia nusu saa, na wapo watakaokuambia saa nzima.

Mimi nilianza na hiyo saa nzima. Nilikuwa nimeacha kazi ya uwakala wa forodha Malaba, usingizi umenihama, presha imepanda, nikaamua kujitengeneza upya kwa mpigo mmoja. Nikatega kengele ya simu saa kumi alfajiri. Saa nzima kimya, kisha "Subhanallah" mara elfu moja. Siku ya kwanza nilijiona walii. Siku ya tano nilikuwa namkaripia kila mtu nyumbani kwa sababu ya usingizi. Siku ya tisa nilizima kengele bila kufumbua macho, na sikugusa tasbihi tena kwa miezi minne.

Kilichonirudisha ni kumkumbuka bibi yangu. Sisi ni Wanubi wa Bombo. Bibi alikuwa na uradi wa mara mia baada ya swala ya alfajiri, basi. Haukuzidi siku ya Idi wala haukupungua siku ya msiba. Mwaka 1979, Wanubi wengi walipoikimbia Bombo baada ya Amin kuanguka, alitoka na mtoto mgongoni, sufuria moja na tasbihi, na njia nzima ya kwenda Sudani aliuvuta uradi ule ule, mara mia, akitembea. Waliporudi, nikiwa mtoto wa kuuliza kila kitu, nilimwambia: bibi, muda unao, kwa nini usiongeze? Akanijibu huku anapepeta mchele: "Nikiongeza leo, kesho nitadaiwa."

Basi chukua kipimo cha siku yako mbaya kuliko zote. Siku mtoto ana homa, mwenye nyumba anagonga mlango na umeme umekatika tangu jana. Siku hiyo ungeweza nini? Dakika tano? Tatu? Hicho ndicho kiwango chako, hata siku unapojisikia una nguvu za kumaliza saa mbili. Waislamu tunayo hadithi sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata kama ni chache. Niliisikia tangu madrasa. Kuielewa kulinichukua miaka thelathini na zile siku tisa.

Ukikaa miezi mitatu bila kuyumba, ongeza dakika mbili. Mbili, si kumi.

Taamuli, uradi, dhikiri: si kitu kimoja?

Ni ndugu. Taamuli ni kuiweka akili mahali pamoja, mara nyingi kwenye pumzi, bila maneno. Uradi ni maneno yale yale, kwa idadi ile ile, kila siku. Kwa Kiswahili uradi "unavutwa", na aliyechagua kitenzi hicho alijua analosema, maana kazi yenyewe ni kama kuvuta kamba ya ndoo kisimani, mkono mmoja baada ya mwingine. Dhikiri ni kumtaja Mungu, peke yako au katika halaiki. Wakatoliki wana rozari, baadhi ya Wabuddha hughani aya zao kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao.

Barazani tunafanya maneno na kimya pamoja. Akili ni mbuzi: maneno humfunga kwenye kigingi. Kimya humzoesha kula majani hapo hapo hata kamba ikilegea.

Mimi ni Mwislamu (au mlokole). Hii si dini ya watu wengine? Si uchawi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, chai ikiwa imeshamiminwa, na mara nyingi muulizaji ametumwa na mtu wa nyumbani.

Anza na kilichomo ndani ya dini yako. Mwislamu baada ya kila swala husabihi (Subhanallah) mara 33, husifu (Alhamdulillah) mara 33, hukabiri (Allahu Akbar) mara 33, na la mia anamalizia kwa shahada ya tauhidi. Huo tayari ni uradi, ila wengi wetu tunaumaliza mbio huku tukitafuta viatu. Waorthodoksi wa Namungoona, kanisa ambalo mizizi yake hapa kwetu iliwekwa na Reuben Spartas mwaka 1929, ni wa mapokeo yaliyo na ile sala fupi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Inakaririwa pole pole, kwa kamba ya mafundo, pumzi baada ya pumzi, na watawa wao wamekuwa wakiisali hivyo kwa karne nyingi. Upande wa Wakatoliki alikuwapo John Main, mtawa wa Kibenedikto, ambaye aliwafundisha watu kukaa kimya asubuhi na jioni na neno moja tu, "Maranatha", la Kiaramu, ambalo Paulo analiandika mwishoni mwa waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Maana yake: Bwana wetu, njoo. Wabahá'í, wenye hekalu lile lenye kuba pale kilima cha Kikaya lililofunguliwa 1961, hukariri "Alláh-u-Abhá" mara 95 kila siku.

Sasa nisikufiche. Namna ya kuangalia pumzi ninayoitumia mimi inatoka kwa Wabuddha. Iko kwenye mafundisho yao ya zamani kabisa, na hapa kwetu inafundishwa katika Kituo cha Kibuddha cha Uganda, Garuga, upande wa Entebbe. Kituo hicho kilianzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa hapa hapa Uganda aliyetawazwa utawa huko California mwaka 2002. Niliingia Mwislamu nikatoka Mwislamu. Wenyewe walipoinama mbele ya sanamu, mimi nilikaa nyuma nikatazama miti. Lakini mimi si shekhe wako wala mchungaji wako. Kama yeye hana raha na jambo hili, zungumza naye. Na kama baada ya mazungumzo moyo bado unakusuta, baki na maneno ya dini yako, kaa nayo taratibu. Hutapungukiwa.

Kuhusu uchawi, tatizo mara nyingi ni vifaa. Kijana mmoja wa kwetu alitaka pake pawe na heshima, akanunua kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mutuba, akakitandika juu ya mkeka, akawasha ubani, akaweka na kibuyu kidogo kwa ajili ya maua. Nia yake ilikuwa safi kabisa. Jirani alipochungulia dirishani aliona ssabo kamili, yaani kibanda cha mizimu, imekosa mganga tu. Ilibidi mwenyekiti wa mtaa aje kunywa chai naye. Tumia mkeka wa kawaida, taa ya kawaida, na mlango uache wazi kidogo siku za mwanzo.

Nikariri maneno gani?

Yale ambayo ungependa yawe mdomoni mwako siku ukiwa hoi na huwezi kuchagua. Yawe mafupi, yaingie katika pumzi moja. Ukishachagua, usibadilishe kwa mwaka mzima. Kubadilisha maneno kila mwezi ni kuchimba visima kumi vya futi tano.

Kuna jambo la mwili hapa ambalo linanifurahisha. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra, yaani maneno ya uradi, ya Kitibeti. Zote mbili zilishusha upumuaji hadi karibu mara sita kwa dakika, na kwa mwendo huo mapigo ya moyo na msukumo wa damu vilianza kwenda sambamba vizuri zaidi. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Kwa hiyo ukikariri, usihesabu tu maneno, sikiliza mwendo: neno lako pamoja na pumzi vichukue kama sekunde kumi. Bibi hakuwa na jarida, ila mwendo wake ulikuwa huo huo. Nimejaribu kuuiga nikiwa na saa mkononi.

Lazima iwe Kiarabu, Kilatini au Kipali? Kiswahili hakitoshi?

Kinatosha. "Bwana, unihurumie" inafika. Faida ya lugha ya mbali ni kwamba akili haianzi kubishana na maana. Hasara yake ni kwamba unaweza kukariri mwaka mzima kama kasuku. Kama unatumia lugha ya kigeni, jifunze maana ya kila neno kwanza, hata kama ni maneno manne.

Jambo moja la pembeni. Tulipokuwa tukijifunza kughani "Buddham saranam gacchami", yaani naenda kwa Buddha kuwa kimbilio langu, Waganda walitupita mbali. Kipali kina konsonanti zinazokazwa na vokali zinazovutwa, na Luganda nayo inazo: ggulu, ddembe, kkubo. Wao walitamka mara ya kwanza tu. Sisi wa Kiswahili tulikuwa tunasema "buda" kama tunamwita mzee wa kijiweni.

Naishi muzigo, chumba cha kupanga. Majirani wanasikia kila kitu.

Nalijua hilo. Kabla ya Kajjansi nilipanga chumba kimoja Zana, katika ule mstari wa vyumba ambao kuta zake zinaishia chini ya bati, na kati ya ukuta na bati kuna nafasi ya kupitisha mkono. Ukikohoa cha kwanza, wa cha nne anasema pole. Alfajiri moja nilikuwa navuta uradi kwa sauti ya kifuani, taratibu, kwa hisia, nikasikia ukuta unagongwa. Mama wa chumba cha pili, anayekaanga rolex (chapati ya kukunja na mayai) pale stendi, akaniita: "Haji! Kama unaumwa sema, tukupeleke Mulago!"

Tangu siku hiyo nakariri kwa midomo. Midomo inacheza, ulimi unacheza, sauti haitoki. Kuna ngazi tatu: sauti, midomo, na moyoni. Anayeanza asianzie moyoni, kwa sababu huko maneno hupotea bila yeye kujua. Midomo ni shahidi: ikisimama, utajua umekwenda matembezi.

Kama unataka sauti kamili, subiri mvua. Mvua ya hapa juu ya bati inameza hata kwaya.

Saa ngapi ni bora?

Ile ambayo tayari ina kitu ndani yake. Baada ya alfajiri, baada ya kupiga mswaki, kabla ya chai. Usiitundike hewani, ifunge kwenye kitu ambacho unakifanya kila siku hata bila kufikiri.

Sisi wa hapa tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la Kampala huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja mwaka mzima, Januari kama Julai. Mwanga wa kwanza dirishani unaweza kuwa kengele yako, na hautaishiwa chaji.

Usiku kuna mitihani yake. Ijumaa kanisa la jirani lina kesha na spika zinaelekea kwako, Jumamosi ni baa. Usipigane nayo. Kelele iliyo mbali na haikuhusu inaweza kuwa kitu cha kusikiliza kama pumzi tu: inakuja, inakwenda, wewe hujaitwa. Mbu ni habari nyingine. Kaa ndani ya neti, hakuna thawabu ya malaria.

Nikaeje?

Vyovyote ambavyo mgongo unasimama bila kuegemea na unaweza kudumu bila kuumia. Waliolelewa Buganda wamezoea mkeka tangu utotoni. Wanawake wengi hukunja miguu upande mmoja, na hilo linafaa, ila badilisha upande kila siku la sivyo kiuno kitalalamika. Weka blanketi lililokunjwa chini ya makalio ili magoti yashuke. Mwenye goti bovu akae kwenye kiti, nyayo zote sakafuni. Hakuna anayepata alama kwa kukunja miguu kama mkate wa kusuka.

Akili yangu haitulii hata sekunde kumi. Labda sikuumbwa kwa hili?

Umekaa Entebbe wakati wa visubi vya ziwani? Vinainuka juu ya maji kama nguzo ya moshi, upepo unavileta nchi kavu, na kwa nusu saa huwezi kuona mbele. Mgeni hupigapiga mikono, anafungua mdomo kupiga kelele, anavimeza. Mwenyeji hufunga mdomo, anainamisha kichwa, anaendelea kuanika dagaa. Upepo ukigeuka, vimekwenda.

Mawazo ni visubi hivyo. Kazi yako si kuviua. Kazi yako ni kutovila.

Kwa vitendo: kaa, sikia pumzi inapogusa tundu za pua. Mafundisho ya Kibuddha yana mfano wa fundi wa kukereza mbao: akikata kwa mkono mrefu anajua ni mrefu, akikata kwa mkono mfupi anajua ni mfupi. Hivyo hivyo na pumzi. Hurefushi, hufupishi, unajua tu. Baada ya pumzi tatu utajikuta unapanga deni la ada ya shule. Hapo ulipogundua "aa, nimeondoka", usijitukane. Rudi kwenye pumzi ya sasa. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Mtu aliyeondoka mara arobaini akarudi mara arobaini amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa ametulia kwa sababu amesinzia.

Hili watu hawaliamini. Wanadhani walioshindwa ni wao, kwamba sisi wengine tunakaa pale vichwa vyetu ni kama ziwa saa sita usiku. Jumamosi iliyopita, katika dakika ishirini zangu, nilijenga chumba cha nyuma, nikakipaka rangi, na nikagombana na fundi kuhusu idadi ya mifuko ya saruji. Nilirudi mara nyingi.

Nasinzia.

Lala zaidi. Nasema kweli. Wengi wanaosinzia kwenye mkeka wana deni la usingizi, si upungufu wa imani. Ukishalala vya kutosha na bado unasinzia, fumbua macho kidogo, au simama, au kariri ukitembea uani.

Lazima nihesabu?

Si lazima, lakini mwanzo inasaidia, kwa sababu inakuambia wakati wa kuacha. Bila hesabu, siku nzuri utapitiliza na siku mbaya utajidanganya.

Chombo chochote kinafaa. Tasbihi ina punje 33 au 99, rozari ya kawaida ina makumi matano, mala ya Wahindi na Wabuddha ina 108. Vidole ni bure. Mzee mmoja wa barazani kwetu ni mcheza mweso wa kutisha. Ubao wa mweso una mashimo 32 na kete 64, naye hukusanya kete zote upande mmoja, akakariri na kuhamisha moja moja hadi upande ule uishe. Anasema ndiyo mara pekee anayocheza bila kumkasirikia mtu.

Hesabu ikianza kuwa fahari, kwamba fulani ana mia mimi nina elfu tatu, weka tasbihi mfukoni kwa wiki moja na utumie saa.

Nimeruka siku tatu. Nimesikia ni lazima siku 21 mfululizo, kwa hiyo naanza upya?

Hiyo namba 21 achana nayo. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha London, UCL, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea moja dogo kila siku, kama kunywa maji au kutembea, na kazi yao ikachapishwa karibu 2010. Muda wa kati wa zoea kuanza kwenda lenyewe ulikuwa siku 66. Kwa wengine ilikuwa 18, na wapo waliokadiriwa 254. Tena kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Kwa hiyo huanzi upya. Unaendelea. Na wala usilipe zile siku tatu kwa kukaa mara nne leo. Huko ndiko kudaiwa alikokukataa bibi. Leo fanya ya leo. Ila ukiruka siku saba, niulize au jiulize: kiwango ulichojipimia si kikubwa mno? Mara tisa kati ya kumi jibu ni ndiyo.

Miezi sita sasa, na sijaona chochote.

Ulitarajia kuona nini? Mwanga? Mimi sijauona pia.

Wabuddha wanamsimulia kijana aliyeitwa Sona, mtoto wa tajiri, aliyefanya mazoezi ya kutembea kwa juhudi mpaka nyayo zikatoka damu, na bado moyo wake haukufunguka. Akataka kurudi nyumbani. Buddha akamuuliza: ulipokuwa nyumbani si ulikuwa hodari wa kinanda cha nyuzi? Nyuzi zikikazwa sana, zinalia vizuri? Zikilegea sana je? Yeyote aliyemwona Mualuri wa West Nile akifunga nyuzi za adungu, kinubi chao, anajua jibu. Anakaza, anagonga kwa kidole, anasikiliza, analegeza kidogo, anasikiliza tena. Hilo la kusikiliza huchukua muda mrefu kuliko wimbo. Na hawezi kuifunga leo ikatosha mwaka mzima.

Kwangu mabadiliko yalikuja kutoka upande nisiouangalia. Mke wangu ndiye aliyeona. Aliniambia siku hizi nikikasirika kunakuwa na nafasi kabla sijaongea. Ndogo, kama ya mtu anayemeza mate. Mimi sikuwa nimeiona hata kidogo.

Presha? Imeshuka kiasi, na dawa bado nakunywa kila asubuhi. Usiache dawa ya presha, ya sukari wala ARV kwa sababu umeanza kukaa kimya. Anayekuambia uache, mkimbie.

Nikinyamaza, yananirudia mambo niliyoyaona.

Hili nalijibu polepole, kwa sababu Uganda ina watu wengi wa namna hiyo: waliotoka Kongo wakapitia kambi kama Nakivale, waliokulia Acholi wakati wa vita, wanajeshi, waliopoteza watoto. Kufumba macho na kunyamaza si salama kwa kila mtu kila wakati. Kimya huondoa kelele iliyokuwa inafunika jeraha.

Kama picha zinakuja na mwili unatetemeka, fumbua macho. Acha pumzi. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: sufuria, mlango, kuku, ndoo, mwembe. Gusa ardhi. Siku hiyo imekwisha. Kesho usikae kimya. Kariri kwa sauti, ukitembea, au ukipepeta mchele, au ukiwa na mtu kando yako. Tuna mama mmoja ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kufumba macho nasi. Alikuwa akimenya matoke huku midomo inacheza, na hakuna aliyemwambia afanye vingine.

Kama usiku hulali wiki nzima, au unasikia sauti, au unawaza kujidhuru, hapo si suala la mkeka. Nenda hospitali, mwambie daktari. Butabika ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Tumeigeuza jina lake kuwa tusi la mtaani, na watu wanakaa na maumivu nyumbani wakiogopa jina. Nimewasindikiza wawili. Wote wawili wamerudi barazani.

Watoto wananivuruga.

Wape kazi ya kuhesabu. Mwanangu wa miaka sita hushika punje, mimi nakariri. Akichoka, nimemaliza. Mara nyingi huchoka kwenye ishirini na tano, na siku hiyo ni ishirini na tano.

Naweza kutumia simu?

Kwa kengele tu, ikiwa imezimwa data. Nimejaribu programu zenye sauti za mawimbi ya bahari. Nilisikiliza mawimbi, nikajibu ujumbe wa mtu aliyekuwa anauza betri ya gari.

Nilipe kiasi gani? Kuna mtu anauza mantra ya siri.

Kwetu chai ni bure, ukileta sukari tunashukuru. Kituoni au msikitini ukitoa sadaka ya hiari ni vizuri, majengo yanakula pesa. Ila anayekudai laki tatu ili akunong'oneze neno moja, basi ni mfanyabiashara, na bidhaa yake inapatikana msikitini, kanisani na hekaluni bila malipo.

Ile tasbihi yako yenye kifungo cha shati uliinunua wapi?

Haikununuliwa, ni ya bibi. Ina punje 33 za mbao, au ilikuwa nazo. Uzi ulikatika njiani kwenda Sudani, akaokota zote kwenye majani isipokuwa moja, na alipopata uzi akaziba pengo kwa kifungo cheupe cha shati la babu. Ni cha mashimo manne na kimeshakuwa cha manjano. Kidole kikikigusa gizani najua nimefika kumi na tisa.